Giza la Saa Tatu Asubuhi

Mwisenge, Musoma
9 Januari 1983

Dada yangu Lukresia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na cherehani yako nayo nzima. Mimi sijambo. Hospitalini tumepungua, wenzangu wawili wamehamishwa, kwa hiyo Matroni Ursula amenipanga zamu ya usiku mfululizo, wodi ya wanawake, mpaka hapo watakapoletwa wengine. Sikukataa. Alisema amenichagua mimi kwa sababu sihitaji kusimamiwa, na neno hilo nililipokea kwa furaha.

Taabu yangu ni mchana. Natoka kazini saa mbili asubuhi, na nikifika nyumbani jua limeshanitangulia chumbani. Unakijua chumba changu: bati juu, dari hakuna, dirisha moja kubwa linatazama mashariki, na kitanda hakina pengine pa kuhamia. Saa tatu mwanga unanifikia hata nikifumba macho. Saa tano ni kama nimelala jikoni. Nimetundika kanga mbili, jua likapita kama halijaziona. Nimetundika blanketi, giza likaja kidogo lakini joto likawa kubwa kuliko mwanzo. Nimebandika magazeti kwenye vioo, upepo ukakosa pa kupita.

Naomba unishonee pazia zito la kuzuia jua. Hapa madukani kitambaa hakuna. Duka la ushirika wiki iliyopita lilikuwa na viberiti na kamba za viatu tu. Dirisha langu lina upana wa shubiri saba na urefu wa shubiri sita. Si jambo la haraka, ukipata nafasi.

Mdogo wako,
Esta


Butiama
16 Januari 1983

Esta mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako alinikabidhi Shida, yule mama anayeletaga dagaa kutoka huko, nikaisoma palepale sokoni nimesimama.

Kwanza, shubiri si kipimo. Mimi nimeshona miaka kumi na tisa, nimeshona sare za shule na magauni ya arusi, na hakuna mtu aliyenirudishia nguo kwa sababu imembana. Tafuta futi ya kushonea, upime dirisha, kisha upime ukuta kila upande wa dirisha, kisha upime kutoka juu ya dirisha mpaka kwenye bati na kutoka chini yake mpaka sakafuni. Pima mara mbili. Kama namba hazifanani, pima ya tatu.

Pili, umesema si jambo la haraka. Mtu asiye na haraka haandiki kurasa mbili za dirisha. Unalala saa ngapi kwa siku? Nijibu kwa namba.

Tatu, nimeshaanza. Dirisha langu la chumbani nalo linapigwa na jua la asubuhi, kwa hiyo nimelifanya la kujaribia. Nilitundika kitambaa cheusi peke yake. Giza lilikuwa zuri, ila baada ya saa moja nilikishika kikawa cha moto, na moto ule ukahamia ndani. Nikatundika cheupe. Kilibaki cha baridi lakini chumba kiling'aa. Basi nikaviunganisha, cheupe kikatazama jua na cheusi kikakaa nyuma yake, nami nikalala kitandani mchana kutwa nikisikiliza joto. Majirani wawili walikuja kunipa pole wakidhani naumwa. Nimewaambia niko kazini.

Koti zuri halitoki kwangu bila bitana. Sioni kwa nini pazia litoke bila bitana.

Dada yako,
Lukresia


Butiama
20 Februari 1983

Esta,

Vipimo vimefika, na safari hii ni vipimo. Namba ya usingizi hukuiandika. Nimeona.

Pazia hilo hapo, Shida amelibeba kichwani mpaka kwenye basi, mshukuru. Lina matabaka matatu. Linalotazama jua ni nguo nyeupe ya mifuko ya unga wa ngano ya misheni. Nimeichemsha na magadi mara nne. Maandishi yamebaki kwa mbali, bluu hafifu, wala usijali, hakuna atakayeyasoma. Katikati ndiyo bitana nyeusi. Upande wako ni kile kitenge changu cha ndege, ili ukiamka uone kitu kizuri. Hicho cheusi nimekipata kwa njia safi, usiniulize zaidi.

Sasa sikiliza jinsi ya kulitundika, maana pazia zuri likitundikwa vibaya ni nguo tu. Mwambie seremala apigilie ubao juu ya dirisha, utokeze mbele kama kijibaraza, kwa sababu mwanga mwingi unaingiaga kwa juu na watu hawaangalii juu. Pazia linapita dirisha kiganja kizima kila upande. Pembeni nimetia vitanzi, viingize kwenye misumari midogo ukutani, lisipeperuke. Chini liguse sakafu. Lifunge jioni kabla hujaenda kazini, siyo asubuhi ukirudi, chumba kisipate nafasi ya kushika moto. Dirisha lenyewe liache wazi kidogo nyuma yake, joto litokee huko huko nje.

Pindo nimeshona kwa mkono. Cherehani iliukataa unene ule, ilinivunjia sindano tatu. Sikuelezi hivyo ili unishukuru. Nakueleza ili usije ukamruhusu mtu alikate.

Lukresia


Mwisenge, Musoma
6 Machi 1983

Dada yangu,

Shikamoo. Nimelala.

Nililitundika kama ulivyosema, ubao juu, vitanzi pembeni. Siku ya kwanza nilirudi saa mbili na nusu, nikafungua mlango, nikakuta chumba kimetulia, cheusi, cha baridi kama kanisa asubuhi. Nilijilaza na viatu. Niliposhtuka nilidhani nimelala dakika chache, kumbe ni saa tisa alasiri na Helena, jirani yangu wa hapa uani, alikuwa amegonga mara mbili kuona kama ni mzima. Nimemwingiza ndani. Alisimama katikati ya chumba akanyoosha mkono mbele kama kipofu. Tangu hapo kila mgeni wake anamleta kuonyeshwa, na mimi nawaambia jina lako na kijiji chako.

Uliniuliza namba sikujibu. Sasa nitajibu. Ilikuwa saa mbili, siku nyingine saa moja na nusu. Na kuna jambo sikukuandikia. Tarehe saba Januari, karibu na alfajiri, nilichukua dawa ya mgonjwa mmoja nikampelekea mwingine. Nilikuwa nimeshamwinua kichwa. Yule bibi akanishika mkono akasema, "Binti, mimi si Nyamburi. Nyamburi yuko kitanda kile." Nilirudi mezani nikakaa. Niliandika kwenye kitabu cha wodi jinsi ilivyokuwa, nikamwambia Matroni mwenyewe asubuhi. Alinitazama akaniambia nikalale. Ndipo nilipokuandikia kuhusu dirisha.

Jana Matroni alipita wodini, akaangalia chati zangu zote, akasema kwa sauti wenzangu wasikie kwamba hizo ndizo chati. Heshima ile nimeigawa nusu, nusu ni yako.

Mdogo wako,
Esta


Balozi wa Nyumba Kumi,
Mwisenge, Musoma
2 Mei 1983

Ndugu Lukresia Wanzagi,
Fundi Cherehani,
Butiama

Yah: PAZIA ZITO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kama unavyofahamu, nchi nzima ipo katika msako wa walanguzi na waficha bidhaa. Tarehe 28 Aprili wananchi wawili waliripoti kwangu kwamba dirisha la nesi Esta Wanzagi limefungwa mchana wote tangu Februari, na kwamba kwa nje yanaonekana magunia ya unga yamepangwa mpaka juu, na maandishi yake yanasomeka.

Tarehe 30 Aprili saa nne asubuhi nilifika na mgambo wawili. Hatukukuta unga. Tulikuta nesi amelala. Magunia yalikuwa ni upande wa nje wa pazia.

Hata hivyo, ndani ya pazia hilo kuna kitambaa cheusi kizito, takribani yadi tano, ambacho hakijauzwa katika duka lolote la mkoa huu kwa muda mrefu. Nesi alipoulizwa kimetoka wapi alisema hajui. Alipoulizwa mara ya pili alisema aliambiwa asiulize. Maneno hayo hayakumsaidia.

Pazia linashikiliwa katika ofisi ya Tawi. Unatakiwa kufika mwenyewe kabla ya tarehe 12 Mei kutoa maelezo. Usipofika, suala litapelekwa mbele, na mwajiri wake atajulishwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Kasmiri Magige


Mwisenge, Musoma
2 Mei 1983

Dada yangu,

Shikamoo. Najua Mzee Kasmiri amekuandikia, kwa sababu aliniomba anwani yako kwa adabu. Si mtu mbaya. Lakini walipoingia nilikuwa nimetoka zamu, nimevaa gauni la kulalia, na mgambo mmoja aliinua godoro nikiwa nimesimama pembeni. Watu walijaa uani. Wengine ni wale wale niliowaonyesha pazia.

Dada, niambie ukweli. Hapa wanasema kuna watu wa Bunda waliokamatwa na nguo za kutoka ng'ambo ya mpaka. Kama kile cheusi kilipita njia hiyo, sitakulaumu, najua ulikifanya kwa ajili yangu. Niandikie tu, nami nitasema nilikinunua mimi mwenyewe kwa mtu nisiyemjua. Mimi ni mwajiriwa, labda watanionya tu. Wewe ni mjane na una cherehani. Wataichukua.

Nimerudia kanga. Jana nimelala saa mbili tu.

Esta


Butiama
5 Mei 1983

Esta,

Nimesoma barua yako na nimeiweka chini nikaenda kuteka maji kwanza, nisije nikakujibu kwa hasira. Nimerudi na hasira bado ipo, kwa hiyo ichukue.

Sijawahi kununua nguo ya magendo. Wakati mafundi wengine hapa wanauziwa vitambaa gizani, mimi nilikuwa nafumua makoti ya zamani na kuyageuza ndani nje. Watu walinicheka. Mwaka jana nilikaa miezi miwili cherehani haina kazi, nikalima. Na wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni, unanitafutia uongo wa kunifichia. Usimwambie mtu yeyote kwamba ulikinunua. Ukisema hivyo utakuwa umesema mimi ni mlanguzi.

Sasa nikwambie ilikotoka bitana, kwa kuwa kosa la kunyamaza ni langu. Miaka miwili nimekuwa nikishona na kutia viraka mavazi yote ya altare pale misheni. Padri Wenceslaus hakuwa na cha kunipa. Mwezi wa kwanza alifungua kabati la sakristia akanipa kile kitambaa cheusi walichokuwaga wanakitandaza juu ya jeneza kwenye misa za wafu, zamani zile za Kilatini. Sasa hakitumiki. Alisema nikipeleke mahali kitakapomfaa mtu aliye hai.

Hukuuliza zaidi na mimi sikusema, kwa sababu ndicho kilichomfunika mama mwaka 57. Ulikuwa na miaka sita. Ulikishika kwa mikono miwili ukakivuta ili umwone, nikakubandua kidole kimoja kimoja. Kwa miaka mingi ukiona nguo nyeusi ulikuwa unaondoka chumbani. Nilifikiri ukijua hutalala.

Jumanne nakuja. Lala nyumbani kwa Helena, usije ofisini. Hiyo ni kazi yangu.

Lukresia


Mwisenge, Musoma
15 Mei 1983

Dada yangu,

Shikamoo. Jumanne ulikunywa chai ukiwa umesimama, ukasema "Mambo yamekwisha," ukakimbilia basi. Nilikuuliza ilikuwaje ukasema waliuliza, ukajibu. Basi mimi sasa nitakueleza wewe kilichotokea, kwa sababu Helena alikuwa pale ofisini tangu asubuhi akingoja kibali cha sukari, na ameshawaeleza watu wote wa Mwisenge.

Anasema uliingia ukiwa umevaa gauni la Jumapili, ukawasalimu mmoja mmoja. Uliwapa barua ya Padri Wenceslaus. Mzee Kasmiri aliisoma akaridhika, lakini Katibu wa Tawi akasema barua inaweza kuandikwa na yeyote, na pazia nene kiasi kile linaweza kuwa limeshonewa kitu ndani. Akamwambia mgambo alete kisu.

Helena anasema hukupaza sauti. Uliweka mkono juu ya pazia ukasema, "Kisu hapana. Nimelishona mimi, nitalifumua mimi."

Ukatoa mkasi wako mdogo ukaanza. Uzi mmoja mmoja, upande wote mmoja na chini, bila kukata nguo hata mahali pamoja. Ulipomaliza ulifunua nguo nyeupe ukaikunja pembeni, na cheusi kikabaki wazi juu ya meza ya Chama. Katikati yake palikuwa na alama ya msalaba, pale msalaba wa kitambaa uliposhonwa zamani ukabanduliwa. Hapakuwa na msalaba wenyewe, ila weusi ambao haukupauka kama mwingine. Mzee Kasmiri alivua kofia. Katibu akasema unaweza kuchukua mali yako uende.

Hukuchukua. Uliwaambia, "Mmelichukua kwa mdogo wangu likiwa zima. Litatoka hapa likiwa zima." Ukaomba kiti karibu na dirisha, ukatia uzi kwenye sindano, ukashona. Helena anasema ilichukua zaidi ya saa mbili. Watu walioleta shida zao waliingia wakakuta viongozi wanamtazama mama anashona, wakatoka nje kungoja. Hata mwenye kisu alikushikia upande mmoja wa nguo.

Mimi nilichoona kwa macho yangu ni Mzee Kasmiri anaingia uani na pazia begani, wewe nyuma yake, na majirani nyuma yenu. Nilidhani anakuja kunichukua. Alilikunjua mbele yao akageuza pande zote mbili. Alisema ni pazia la nesi anayewaangalia mama zetu usiku, na ndani yake hamna kitu zaidi ya kazi ya fundi. Kisha akapanda kwenye kigoda akalitundika mwenyewe. Alilitundika vibaya. Nimelirekebisha alipoondoka.

Kuhusu mama. Nilisoma barua yako mara nyingi. Sura yake siikumbuki, dada, sikukwambia kamwe. Ninachokumbuka ni nguo ile tu, na mikono yako. Nimekaa kitandani nikasubiri kuona kama nitaogopa. Nilisubiri mpaka nikasinzia. Niliamka saa kumi.

Nilikutafutia uongo nikidhani nakulinda. Nisamehe. Wiki hii Matroni ameniuliza kama nina ndugu, nikamwambia ninaye mmoja, na nilipoanza kumweleza habari zako ilibidi nijizuie, tungechelewa kubadilishana zamu.

Mdogo wako,
Esta


Bunda
14 Septemba 1986

Esta mdogo wangu,

Marahaba, na hongera. Shida ameniambia umepewa wodi nzima uisimamie, wewe mwenyewe umeniandikia mistari miwili tu kuhusu hilo. Hiyo miwili nimemwonyesha kila mteja.

Chumba nilichopanga hapa Bunda kipo kando ya barabara kuu, na nyuma pana sebule ndogo. Vitambaa sasa vimejaa. Mitumba inakuja kwa marobota, vitenge vinatoka kila upande, unachagua mpaka macho yanauma. Mafundi wote wanashona magauni yenye mabega makubwa. Mimi nashona hayo pia, lakini wanaokuja kutoka mbali wanakuja kwa ajili ya mapazia. Madereva wa malori ya usiku, polisi, walinzi, na mwalimu mmoja ambaye kichwa humuuma akiona mwanga. Mfanyabiashara mmoja aliniletea nguo ya mpira ya kutoka nje, akasema hiyo moja tu inatosha, hakuna haja ya matabaka. Niliitundika dirishani siku nzima. Jioni ilinuka, na nyuma yake palikuwa na joto kama chini ya bati. Nikamrudishia. Akasema nitakosa wateja. Mpaka leo anasubiri nikose.

Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua leseni ya biashara. Karani ni kijana mwenye shati zuri. Aliniuliza jina, nikamtajia, kisha kwenye nafasi ya kazi akaandika "mkulima" bila kuniuliza. Nikamwambia afute. Akauliza aandike nini, mama wa nyumbani? Nikamwambia, "Andika fundi wa nguo na mapazia ya giza yenye bitana."

Akaangalia fomu. Akasema nafasi iliyopo ni ndogo, neno "fundi" litatosha.

Nyuma yangu palikuwa na foleni ndefu na watu walianza kuguna. Niliweka pochi yangu juu ya meza yake nikavuta kiti.

Nikamwambia, "Andika kwa herufi ndogo, mwanangu. Lakini andika yote."

Ameandika. Nimeitundika ukutani, njoo uisome.

Dada yako,
Lukresia Wanzagi